Hilux Vigo D-4D (1KD na 2KD): mwongozo kamili wa kuikagua injini kabla haijanoki

Wakuu, hii ni kwa wote wenye pikapu za Hilux zile za Vigo, za kuanzia 2005 mpaka 2015, pamoja na wenye Prado na Fortuner zenye injini hizo hizo za dizeli za Toyota ziitwazo D-4D. Nimeandika kwa kirefu kwa sababu kila wiki nasikia mtu injini imenoki (imegonga kwa ndani na kufa) na anaambiwa "hizi D-4D ni mbovu, bora ungenunua ya zamani". Si kweli. Hii injini ni ngumu kweli kweli, nimeona zilizopita km 400,000 bila kufunguliwa hedi, ila ina ugonjwa mmoja unaoanza kwenye wosha ndogo ya nozo (kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) na kuishia kwenye krenki (mhimili mkuu wa injini), na huo ugonjwa unapimika na unazuilika kwa hela ndogo ukilinganisha na injini. Ukiujua huo umeokoa injini, mengine yote ni matengenezo ya kawaida.

Kwanza ujue unayo ipi. 1KD-FTV ni cc 2982, nne silinda, vali 16, turbo ya mabawa yanayojigeuza na intakula, yaani ile rejeta ya hewa ya juu ya injini, ndiyo maana boneti ina pua. 2KD-FTV ni cc 2494, ndugu yake mdogo, nyingi zake za mwanzo hazina intakula na boneti ni flati, nguvu ndogo lakini ndo kwa maoni yangu inayovumilia zaidi shida. Zote ni komoni reli ya Denso, yaani bomba moja la presha linalogawia nozo zote dizeli, zote zinatumia mkanda wa taimingi na sio cheni. Usichanganye na 1KZ-TE ya Prado na Surf za miaka ya tisini, ile nayo ni cc 2982 ndo maana watu wanachanganya, lakini ile ugonjwa wake ni hedi kupasuka ikichemsha, ni hadithi nyingine kabisa. Na Hilux za Revo kuanzia 2015 zina 1GD ya cc 2755 yenye cheni, humu siigusi.

UGONJWA WENYEWE UNAVYOKWENDA

Nozo imekaa ndani ya silinda hedi, chini yake kuna kiwosha cha kopa kinachoziba ili moto wa ndani ya silinda usipande juu. Kile kiwosha kikichoka, au kikifungwa juu ya uchafu, au fundi akirudishia cha zamani, gesi ya moto inapita pembeni ya nozo inapanda mpaka ndani ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini. Pale juu inakutana na oili. Oili ikipigwa na gesi ya moto muda wote inageuka masizi mazito kama lami, ile lami inakauka inakuwa kama makaa, vipande vinadondoka na oili mpaka chini kwenye sampo, lile beseni la oili la chini ya injini. Chini kule kuna streina, chujio la waya ambalo pampu ya oili inanyonyea. Vipande vinaganda pale. Siku ya siku pampu inanyonya haipati kitu, presha ya oili inashuka, beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zinakauka, na hapo ndo unasikia ko ko ko.

Sasa angalia jambo linaloniuma, mtu anabadilisha oili kila km 5,000 kwa uaminifu wote, oili nzuri ya bei, na bado injini inanoki. Kwa sababu oili mpya haiondoi makaa yaliyoshika kwenye streina. Filta ya oili nayo haisaidii maana oili inapita kwenye streina kwanza, alafu pampu, ndo ifike kwenye filta. Kwahiyo sevisi ya oili peke yake haikulindi na huu ugonjwa, ingawa bila hiyo utakufa mapema zaidi.

HATUA YA KWANZA: HESABU TAA YA OILI ASUBUHI

Hii haihitaji spana. Gari ikiwa imelala usiku mzima, washa, na macho yako yawe kwenye taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya birika. Injini nzima inaizima ndani ya sekunde moja au mbili hivi. Ukiona inachelewa, sekunde tatu, nne, tano, au inazima alafu inapepesa ukiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta), usiende safari. Hiyo ndiyo dalili ya mapema kuliko zote na watu wengi hawaioni kwa sababu wakishawasha wanaangalia simu. Mfundishe na dereva wako, mwambie kabisa kwamba kila asubuhi ahesabu, na akwambie siku ikibadilika.

Nakwambia hili kwa uchungu. Gari yangu ya kwanza ya aina hii, 1KD, ilikuwa inabeba viazi kutoka Njombe kushuka Dar. Dereva aliniambia "bosi taa ya oili inachelewa kidogo asubuhi", nikaipeleka gereji moja, wakabadilisha swichi ya oili wakasema ni sensa tu. Ilikaa siku kumi na moja. Ikanoki kwenye mlima wa Kitonga na mzigo mgongoni. Tulipofungua sampo, streina ilikuwa imeziba zaidi ya robo tatu, ukiipapasa ni kama sufuria iliyounguza ugali. Tungefungua sampo siku ile ya kwanza, kazi ya asubuhi moja, ile injini ingekuwa hai leo. Kwahiyo mtu akikwambia ni sensa, mwambie sawa, weka geji ya mkono pale pale kwenye tundu la sensa upime presha halisi. Ikisoma vizuri ndo tuongelee sensa.

HATUA YA PILI: KIFUNIKO CHA OILI NA KIJITI

Injini ikishapata moto, iache sailensa, fungua kifuniko cha kuongezea oili taratibu. Kupumua kidogo ni kawaida kwa dizeli yoyote. Lakini ukisikia inapumua kwa mapigo, chaf chaf chaf, kila pigo na moshi wenye harufu kali ya ekzosi, hiyo ni gesi inapita, ama kwenye wosha za nozo ama kwenye ringi. Ingiza kidole ndani upande wa chini wa tapeti kava, pasafi panakuwa na rangi ya oili tu, ukitoa kidole kina uji mzito mweusi unaonata au chembe ngumu, hali imeshaanza.

Alafu chomoa kijiti. Kama oili imepanda juu ya alama ya F (imejaa) na wewe hujaongeza, dizeli inaingia kwenye oili. Kwenye 1KD bomba la ritani ya nozo, linalorudisha dizeli iliyobaki, limepita ndani ya tapeti kava, sio nje, kwahiyo viwosha vyake vikivuja dizeli inamwagika moja kwa moja kwenye oili na wewe huoni tone hata moja chini ya gari. Nusa kijiti, dizeli haijifichi. Oili iliyochanganyika na dizeli inakuwa nyepesi kama maji na haibebi beringi, hapo gari haitembei tena mpaka itengenezwe, sio "nitamalizia wiki hii alafu nipeleke".

HATUA YA TATU: FUNGUA SAMPO

Kama umenunua gari mkononi mwa mtu na hujui historia yake, usisubiri dalili, fanya hii wiki ya kwanza. Na kama imefika km 100,000 bila kufunguliwa, fanya.

Mwaga oili ikiwa ya uvuguvugu, na uimwage kwenye beseni safi uangalie mwisho wake, tope la mwisho ndo linaongea. Gari ikae kwenye stendi imara au kwenye shimo, sio kwenye jeki peke yake, tafadhali sana, jeki imeua mafundi wengi. Sampo ya hizi injini ina kipande kidogo cha chini cha bati, unafungua bolti na nati zake za pembeni, kimeshikwa na silikoni kwahiyo kinang'ang'ania, tumia kisu chembamba cha kukata silikoni na ugonge kwa nyundo ya plastiki taratibu kuzunguka. Usipige bisibisi katikati ukalipinda bati, likipinda litavuja milele.

Likitoka unaiona streina inakutazama. Waya unatakiwa uone mwanga unapita. Ikiwa na vipande vichache tu vya makaa, ioshe kwa dizeli safi au mafuta ya taa na brashi laini, upulize kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, lakini ujue tayari unayo wosha inayovuja juu kule, ukiishia kuosha streina utarudi hapa baada ya miezi. Ikiwa imeziba sana, itoe kabisa iwekwe mpya pamoja na gasketi yake. Wakati huo huo kata filta ya oili ya zamani kwa msumeno, kunjua ile karatasi juani, ukiona chembe zinazong'aa za shaba au bati basi beringi zimeshaanza kuliwa, na hapo busara ni kushusha konrodi moja uangalie beringi kabla hujafunga.

Safisha kingo zote mbili mpaka zikauke, paka silikoni ya kuvumilia oili uzi mwembamba usiokatika. Sio kumwaga. Silikoni ikizidi inajikunja kwa ndani, inakatika, na inaenda wapi? Kwenye streina uliyotoka kuosha. Subiri ikauke kama mkebe unavyosema ndo ujaze oili, karibu lita 7 kwa 1KD pamoja na filta.

Na lile jambo la kumwaga dawa ya kuosha injini kwa ndani, ile ya dakika kumi, kwenye injini ambayo hujafungua sampo: usifanye. Inamomonyoa makaa yaliyokuwa yametulia juu yanashuka yote kwa pamoja. Nimeshaona gari ikinoki ndani ya siku mbili baada ya "kuoshwa".

HATUA YA NNE: WOSHA ZA NOZO ZENYEWE

Hapa ndo kazi yenyewe, na hapa usafi ni zaidi ya ufundi. Komoni reli inasukuma dizeli kwa presha ya zaidi ya bar 1,300, kwahiyo chembe ya mchanga ambayo huioni kwa macho inatosha kuua nozo mpya. Osha injini kwanza, kausha, ndo ufungue. Na usilegeze bomba la presha injini ikiwa inawaka eti uone silinda ipi ina misi (haichomi sawasawa), kama tulivyozoea kwenye dizeli za zamani. Ule mchirizi unatoboa ngozi na kuingiza dizeli mwilini, mkono unaweza kukatwa.

Toa intakula au kava za juu, toa mabomba ya chuma ya kutoka reli kwenda nozo, ziba kila tundu papo hapo na vifuniko au nailoni safi. Weka alama nozo ni ya silinda ipi, 1 ni ya mbele upande wa rejeta. Fungua tapeti kava, toa bomba la ritani, fungua zile kampi (vibano vinavyoshika nozo), chomoa nozo. Ikigoma usiipige pembeni kwa nyundo, mwagia mafuta ya kulainisha, zungusha kidogo kidogo kushoto kulia, au tumia kivutio chake.

Ikitoka soma ile wosha kabla hujaitupa, yenyewe ni kama cheti cha hospitali. Iliyokuwa nzima ina mduara safi unaong'aa pande zote mbili. Iliyokuwa inavuja ina mstari mweusi umevuka kutoka ndani kwenda nje, na mwili wa nozo umepakwa makaa mpaka juu. Mara nyingi utakuta wosha ya zamani imebaki chini kwenye tundu, hakikisha umeitoa, kuna watu wamefunga wosha mbili bila kujua na gari ikapoteza nguvu maana nozo imekaa juu zaidi ya sehemu yake.

Kitako cha ndani ya hedi ndipo wengi wanapoharibu. Ziba tundu dogo la chini kwa kitambaa kilichopakwa grisi ili makaa yasidondoke juu ya pistoni, sugua kwa kijiti cha mbao kilichofungwa kitambaa au kwa kile kichongeo maalum cha kitako, kwa mkono, sio drili. Ukimaliza paonekane chuma kitupu kinachong'aa duara zima. Vuta uchafu kwa hewa na utoe kitambaa. Ukiweka wosha mpya juu ya kitako kichafu umefanya kazi bure kabisa, na hiyo ndiyo sababu unasikia mtu anasema "nilibadilisha wosha mwaka jana tu".

Wosha mpya, ziwe orijino. Oringi na sili za kwenye tapeti kava mpya. Wosha za ritani mpya. Feki za duka la kona zinafanana kwa macho ila ni laini au nene kidogo, ukizishika utadhani ni zenyewe. Kaza kampi kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari yako, usikisie kwa mkono. Kabla ya kurudisha tapeti kava, pima ritani: ingiza presha ndogo ya hewa kwenye bomba la ritani ukiwa umepaka maji ya sabuni kwenye viungio, povu likitoka kaza au rudia. Hii hatua mafundi wengi wanairuka na ndo maana gari inatoka gereji na wosha mpya alafu oili inapanda.

Mimi kwa mizigo na milima naziangalia kila km 50,000 hivi, na nabadilisha bila kujadili nozo zikitoka kwa sababu yoyote ile. Ukiwa hapo juu muulize fundi akuonyeshe kodi ndefu ya herufi na namba iliyochapwa kwenye kichwa cha kila nozo, ipige picha zote nne. Ukibadilisha nozo, au hata ukihamisha ya silinda moja kwenda nyingine, ile kodi lazima iandikwe kwenye kompyuta ya gari, bila hivyo gari itagonga na kutoa moshi na utalaumu nozo nzima.

NOZO ZIMECHOKA AU LA?

Wosha na nozo ni vitu viwili. Nozo zenyewe zinachoka, kwa dizeli yetu nyingi zinaanza kulalamika kati ya km 120,000 na 200,000. Dalili ni mlio wa asubuhi unaogonga kwa dakika chache alafu unapungua, moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi ukiwasha, sailensa inayotikisa, dizeli kuisha haraka.

Chomeka mashine ya dayagnosi inayosoma Toyota vizuri, injini ikiwa ya moto na sailensa, AC imezimwa, soma ile thamani ya marekebisho ya kila silinda. Kompyuta inajaribu kuzisawazisha silinda kwa kuongeza au kupunguza dizeli, namba ikikaa karibu na sifuri ni nzuri, mafundi wengi wa hizi injini wanashika mpaka 3 kwenda juu au chini. Silinda moja ikisoma 4 na nusu wakati wenzake wapo moja moja, hiyo inataka kupimwa mezani. Ile mbinu ya kuweka chupa nne za ritani kwenye 1KD haifai kirahisi maana bomba liko ndani kama nilivyosema, kwahiyo zipeleke kwenye warsha yenye mashine ya kupima nozo za Denso, wakupe karatasi yenye namba, sio "ziko poa".

Na usicheleweshe kwa sababu ya gharama. Nozo inayotoa dizeli nyingi au inayomwaga badala ya kunyunyiza inachoma sehemu moja ya kichwa cha pistoni, na pistoni za 1KD zinajulikana kupasuka. Pistoni ikipasuka inakuja ghafla: misi nzito, kugonga, kijiti kinatemwa na oili inaruka, moshi kila mahali. Hapo zima uvutwe, ukilazimisha kufika nyumbani unaharibu na bloku.

GARI INAZIMA ZIMA, SAILENSA INAPANDA NA KUSHUKA

Hii kabla hujauziwa pampu nzima angalia filta ya dizeli na valvu ya SCV. SCV ipo mgongoni mwa pampu ya presha, ndo inayopima dizeli kiasi gani kiingie. Ikianza kunata, sailensa inacheza, gari inazima ukiachia mguu, taa ya cheki injini inawaka na kodi kama P1229, P0088 au P0087. Mpangilio wangu: filta mpya kwanza, kagua mipira ya kunyonyea kama inavuta hewa, pima kwenye mashine presha ya reli (sailensa ya moto inakaa maeneo ya megapaskali 30 hivi na itulie, isirukeruke), ndo nibadilishe SCV. Ni kazi ya bolti mbili lakini mahali pachafu, osha kwanza sana. Baadhi ya gari zinahitaji kompyuta ifundishwe upya baada ya hapo.

DIZELI

Tangu Januari 2015 nchi zetu za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli ya salfa isiyozidi 50 ppm, na hapa Tanzania EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kuzuia uchakachuaji. Hiyo imesaidia. Tatizo lililobaki ni maji na uchafu, matenki ya sheli za pembezoni, mapipa, madumu ya njiani. Mafuta ya taa kwenye dizeli ni sumu kwa hii pampu kwa sababu inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine.

Chini ya filta kuna koki ya kumwaga maji. Kila mwezi, au mara tu taa ya filta ikiwaka, weka chupa ya plastiki inayoona, legeza, piga ile pampu ya mkono ya juu ya filta mpaka itoke dizeli tupu, funga. Maji yanakaa chini ya chupa utayaona. Filta badilisha kila km 10,000, nunua inayojulikana. Ukimaliza piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu kabisa ndo uwashe, usipige stata dakika nzima.

UPANDE WA HEWA: MOSHI MWEUSI NA KUKOSA NGUVU

EGR ni valvu inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye njia ya hewa, moshi unakutana na mvuke wa oili, manifodi inajaa lami mpaka tundu la kupitisha ngumi linabaki la kupitisha kidole. Toa manifodi na EGR kila km 80,000 hivi, kwangua, loweka, osha, gasketi mpya. Ukiwa hapo toa na kile kipira chembamba kinachokwenda kwenye sensa ya presha ya turbo, kinaziba masizi na gari inasahau kabisa ina turbo. Kabla ya kuilaumu turbo angalia pia mipira ya intakula imepasuka upande wa chini, ukiona alama ya oili iliyotapakaa na mlio wa kupuliza, umeipata.

Turbo ya 1KD ina mabawa yanayosogezwa na mota ya umeme, masizi yakijaa yanakwama, gari inaingia kwenye hali ya kujilinda, haivuki kasi, ukizima na kuwasha inarudi. P0299 ni presha haitoshi, P0234 imezidi. Ikiwa shafti ya turbo haichezi na haitoi oili, inafunguliwa na kusafishwa tu, sio lazima ununue. Ukishuka kutoka mlima au na mzigo iache sailensa dakika moja mbili kabla ya kuzima. Na filta ya hewa ukiwa barabara ya vumbi ifungue kila wiki, vumbi likipita linakula mabawa ya turbo kwanza alafu ringi.

VITU VINGINE VIWILI

Mkanda wa taimingi: taa ya T-BELT inawaka yenyewe ikifika km zake, nyingi 150,000 na kuna za 100,000 kutegemea gari ilitengenezwa kwa soko gani. Ukikatika vali zinakutana na pistoni. Usizime taa bila kubadilisha mkanda, na kama umenunua gari ya mkononi, au dashibodi ilishabadilishwa, usiiamini hiyo taa, badilisha mkanda na roli zake uanze kuhesabu mwenyewe.

Kulanti tumia ya rangi ile ile uliyokuta ya Toyota au inayolingana nayo, sio maji ya bomba, na safisha rejeta kwa nje kutokea upande wa injini maana mbegu za nyasi na vumbi vinajaa katikati ya rejeta na kondensa ya AC. Feni ikizunguka kirahisi kwa kidole injini ikiwa ya moto imezimwa, klachi yake imekufa.

UKINUNUA GARI AU INJINI YUZDI

Fika mapema na mwambie muuzaji asiiwashe kabla. Gusa injini, ikiwa ya moto ujue imefichwa kitu. Hesabu taa ya oili. Fungua kifuniko. Nusa kijiti. Chomeka mashine usome silinda nne. Mpe dereva wako aendeshe wewe ukae nyuma na gari nyingine uangalie moshi ikipanda mlima. Injini ya pembeni inayouzwa chini, ile iliyovuliwa, muuzaji akubali kabisa sampo ifunguliwe mbele yako kabla ya hela kutoka, wengi wanakubali ukisimama imara. Akikataa tafuta nyingine.

Kwa wale ambao taa ya oili imewaka wakiwa njiani tayari: mguu juu ya eksileta uondoke saa hiyo hiyo, ingia pembeni, zima kabla hata hujamaliza kusimama kama barabara inaruhusu. Angalia kijiti. Kama oili ipo kwenye alama na taa inabaki inawaka ukijaribu tena kuwasha, usiiwashe mara ya tatu. Mpigie wa kuvuta. Ile yangu ya Kitonga baada ya taa kuwaka ilitembea km 2 tu kutafuta mahali pazuri pa kuegesha.